Gari la Stima na Mazishi ya Abti

Mnacheka kwa sababu nimeacha kulisifu gari langu, na mna haki ya kucheka, maana hakuna mtu katika ofisi hii ambaye sikumchosha na habari zake, lakini nikiwaambia kilichotokea mtacheka mwanzo tu halafu mtanyamaza, na ndiyo maana miezi yote hii nimekuwa nikigeuza mazungumzo kila mtu anapoliulizia. Ni aibu. Ziko aibu ambazo ukizisimulia mara mbili tatu huwa nyepesi, unacheka pamoja na watu, na siku inayofuata umesahau. Hii haijawa nyepesi, nami nimeshaacha kungoja.

Mnajua kwamba mambo mengi ya nyumbani kwetu Galbet, hapa hapa Garissa, naamua mwenyewe, kwa kuwa mume wangu yuko Mandera na biashara yake ya mpakani na huja akijaliwa, na hilo la gari pia niliamua mwenyewe. Nilishuka Mombasa nikamkuta muuzaji mwenye ulimi wa asali, akaniambia hili gari lina mioyo miwili, mmoja wa stima na mmoja wa petroli, unalichomeka ukutani usiku kama simu, asubuhi linakwenda kilomita hamsini bila kuchoma hata tone, na stima ikiisha injini inaamka yenyewe wala hutahisi. Akanionyesha karatasi yenye hiyo hamsini imeandikwa kwa wino mzito. Sikuuliza hiyo hamsini ilipimwa wapi. (Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hupimwa mahali pa baridi ya kiasi, barabara kama sahani, dereva peke yake, AC imezimwa, na betri ni mpya kabisa, ilhali yangu ilikuwa imeshafanya kazi miaka mingi huko Japani kabla haijapanda meli.) Mimi niliona tu rangi yake na ule ukimya wake, maana linapotembea kwa stima halisemi neno, nikasema hili ndilo.

Garissa ikanifundisha hesabu yake taratibu. Joto letu hili, hata betri yenyewe inataka kupozwa, kwa hiyo kabla gari halijasogea hata kidogo limeshaanza kujilisha, halafu uwashe AC, na ni nani hapa ataendesha bila AC, basi ile hamsini ikawa thelathini, na siku za jua kali haikufika hata hapo. Lakini mimi safari zangu ni nyumbani, ofisini, sokoni, shuleni kwa watoto, nyumbani. Thelathini inatosha na kubaki. Na kwa kuwa ilinitosha mimi mjini, nikaanza kusema kama kwamba inatosha dunia nzima. Nilikuwa nikiwaambia naendesha bure, mnakumbuka, hapa hapa kwenye kiti hiki, huku tokeni za stima nyumbani zinayeyuka kwa namna ambayo mama yangu alikuwa akinipigia simu mchana kuniambia friji imezima tena, nami nanunua nyingine kimyakimya kwa simu nikiwa chini ya meza, wala sikuwahi kuzitia tokeni hizo kwenye hesabu ya gari. Niliziita tokeni za nyumba.

Sasa, nina kaka yangu mkubwa, Bishar, mwenye pikapu ya dizeli ambayo mlango wake mmoja haufunguki kwa ndani, na yeye gari langu aliliita ile simu. Imempigia nani leo ile simu yako, alikuwa akiniuliza. Siku ya Idd, tumekaa ukoo mzima, sinia ziko katikati, akauliza mbele ya wote nitafanya nini siku stima ya mji ikipotea nami niko njiani. Ningeweza kujibu kwa upole kwamba kuna petroli ndani, mambo yangeishia hapo. Lakini shangazi zangu walikuwa wamecheka, na mwanamke aliyejinunulia gari mwenyewe katika mji huu asipowahi kucheka huchekwa yeye, nikasema siku mtakayoniona nimesimama kwenye pampu ya petroli, siku hiyo mniite mwongo mbele ya mama yangu. Watu wakapiga makofi. Mama hakupiga. Alikuwa akimchambulia mtoto nyama.

Tangu hapo nikawa mtumwa wa maneno yangu. Ile petroli aliyoitia dereva aliyeniletea gari kutoka Mombasa ndiyo iliyobaki ndani, nikawa siutazami hata mshale wake.

Asubuhi moja, baada tu ya sala ya alfajiri, simu ya mama ikalia. Mama alikuwa na kaka mmoja aliyebaki, abti yetu, yaani mjomba, tuliyezoea kumwita Abti Gedi, aliyekaa Garasad, kijiji kidogo nje ya barabara ya Modogashe, unakwenda lami muda mrefu kisha unaiacha na kuingia mchangani. Abti alikuwa mgonjwa lakini si ugonjwa wa kufa, ndivyo tulivyodhani, na mama alikuwa ameahidi kwenda kumwona wiki ileile, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kesho, Hooyo, mama yangu, kesho, kazi zimenibana. Mama alisikiliza simu, akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akaiweka chini polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika. Kisha akaniambia watamzika adhuhuri, na kwamba mazishi ni ya wanaume, yeye hana haja nayo.

"Nataka kumwona uso tu," alisema. "Kabla hawajamfunika."

Bishar alifika kabla chai haijachemka, pikapu imejaa wanaume na majembe, akasema mama apande mbele pamoja naye. Nikakataa. Nilisema goti la mama linamuuma, pikapu inaruka kama mbuzi, gari langu lina kiti kizuri na hewa baridi, nitamfikisha kama malkia. Sikusema uongo hata mmoja hapo. Bishar alinitazama, akamtazama mama, na mama akasema atakwenda na binti yake. Nawaambia hivi mjue kwamba alinichagua.

Tukapakia. Mama mbele, dada yake mdogo, Khadija, tunayemwita Habaryar, yaani mama mdogo, nyuma, na pembeni yake na kwenye buti magunia ya mchele na sukari na dumu za maji za kupeleka kwenye matanga, mpaka gari likakaa chini nyuma kama bata. Usiku ule stima ilikuwa imekatika mtaa mzima, ikarudi, ikakatika tena, kwa hiyo betri ilikuwa imejaa nusu na kidogo. Niliona hilo. Lakini kwenye dashibodi kuna namba nyingine kubwa, ile inayojumlisha stima na petroli na kukuambia una kilomita ngapi zilizobaki, na namba hiyo ilikuwa inasema mia na kitu, na Garasad kwa makadirio ni sabini. Nikasema tunafika na tunabakiza. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba gari hukokotoa namba hiyo kwa kukumbuka ulivyoliendesha siku zilizopita, na siku zangu zote zilizopita zilikuwa za mjini, mwendo wa pole, nikiwa peke yangu, nikitumia stima, kwa hiyo lilikuwa linaniahidi safari ya mchangani kwa kumbukumbu za kwenda sokoni.

Mwisho wa mji, kabla ya kuukamata mwendo, kuna kituo cha mafuta, na magari yote ya ukoo yalikuwa yamepanga foleni pale, binamu, wakwe, majirani, watu wote waliokuwepo siku ya Idd. Nikapunguza mwendo lakini sikuingia, nikasimama kando ya barabara. Bishar akaja kwa miguu mpaka dirishani, akainama. Hakucheka. Nakumbuka vizuri kwamba hakucheka, kwa sababu laiti angecheka ningekuwa na la kumsingizia.

"Sahra, ingia ujaze," alisema. "Leo si siku ya maneno."

Nyuma yake niliona wale binamu wamegeuza vichwa kututazama.

"Limeshiba," nikasema.

Mama akasema basi twendeni, mwenzenu anangoja. Hivyo ndivyo alivyosema, anangoja, kama mtu aliye hai aliyekaa na mswaki mlangoni. Nikatia gia.

Mwanzoni gari lilikwenda bila sauti, na Habaryar Khadija akanisifu, Mungu amsamehe. Lakini Bishar alipotoka kituoni, yeye na magari yote ya ukoo walitupita kwa kasi, wana kaburi la kuchimba, nami nikawafuata kwa kasi ileile ili nisiachwe, na gari la stima halipendi kasi kabisa, hilo nalo nilijua kwa kulisoma tu. AC ilikuwa juu kwa ajili ya wale wazee. Tulikuwa bado kwenye lami, mapema kuliko nilivyotarajia, pale mstari wa betri ulipokwisha, na injini ikaamka, si kwa ukimya ule wa muuzaji, ikaamka kwa mlio wa mtu aliyeshtuliwa usingizini, maana sasa ilikuwa inavuta watu, mchele, maji, na juu ya hayo yote ile betri yenyewe nzito ambayo imeshakuwa mzigo tu. Ile namba ya mia na kitu ikaanza kushuka. Haikushuka moja moja. Unaangalia barabara, ukirudisha macho imeruka.

Nikazima AC. Habaryar akauliza kwa nini, nikamwambia injini inapumzika. Nikafungua madirisha, upepo ukaingia wa moto na vumbi, mama akajifunika uso kwa shungi lake na kuendelea na tasbihi. Nilitafuta simu nimwambie Bishar asimame, mtandao hakuna. Ningeweza kugeuza. Nimelifikiria hilo mara nyingi, kwamba pale tulipoiacha lami palikuwa na vibanda viwili vitatu vya kuuza chai, na petroli ya chupa huwa haikosekani mahali kama pale, lakini niliona wanaume wamekaa nje, nikaona Bishar ameshaingia mchangani, nikajiambia ni karibu sasa. Namba ilikuwa bado inasema tunafika. Kwa kilomita chache, lakini tunafika.

Mchanga ukala kilichobaki. Ikawaka taa yenye picha ya kobe, na mama akauliza huyo mnyama ana maana gani, nikamwambia ni alama ya kwenda polepole, na gari kweli likawa linakwenda polepole hata nikikanyaga. Tukashuka kwenye laga, ule mto mkavu ambao ukiuvuka umeshaanza kuona miti ya Garasad kwa mbali, na katikati ya laga likasimama. Dashibodi ikatoa maandishi mekundu ya Kijapani, mstari mrefu, na kengele ndogo ya adabu ikalia, kisha hata kengele ikanyamaza.

Hapakuwa na kivuli. Hapakuwa na mtu. Nilishuka nikafungua boneti kama wanaume wanavyofanya, nikaitazama ile mifuniko ya plastiki isiyoniambia kitu, nikafunga. Habaryar alianza kuuliza maswali na mama akamwambia amwache mtoto. Mtoto ndiye mimi, mwenye watoto wanne.

Baada ya muda mrefu tukasikia pikipiki. Ilikuwa inatoka upande wa Garasad, imefungwa madumu ya maziwa ya ngamia kila upande, na mwenyewe ni mtu wa makamo, ndevu zimepakwa hina, akajitambulisha kwa jina la Khalif. Alikuwa anayakimbiza maziwa barabarani akutane na gari linaloyapeleka mjini, na maziwa hayo, mnajua, jua likipanda hayana tena mnunuzi. Hata hivyo alisimama. Akasalimu, akauliza habari, akasikia ni dada wa marehemu, akasema amepita pale msibani na mwili umeshaoshwa, wanamngoja dada. Kisha, bila kuombwa, akaanza kufungua madumu yake. Alisema atayaacha hapa mchangani chini ya gari, ampakie mama nyuma, amfikishe, arudi. Si mbali kwa pikipiki.

Mama alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameshakaza shungi na kuvua viatu akivishika mkononi, tayari.

Hapa ndipo huwa nasita, hata nikijisimulia mwenyewe kichwani. Nilisema ngoja. Niliona goti la mama na ule mchanga, ndiyo, hilo lilikuwa kweli, angeweza kuanguka. Lakini niliona pia kingine. Niliona mama anaingia msibani kwa pikipiki ya maziwa, viatu mkononi, na Bishar na wale binamu wanauliza liko wapi lile gari, na mimi niko hapa lagani peke yangu nangoja kuja kuchukuliwa. Nikamwambia Khalif kwamba gari halina ubaya wowote, limekosa petroli tu, anipe iliyo kwenye pikipiki, njia iliyobaki ni fupi, tutafika sote kwa dakika chache na nitamrudishia yake kutoka kijijini. Akasema anipe nusu. Nikasema nusu haitatosha kuutoka mchanga huu. Akatazama maziwa yake, akamtazama mama. Akasema haya, akachomoa mpira wa mafuta, akaikamua pikipiki yake mpaka tone la mwisho ndani ya chupa ya maji, nami nikaimimina yote kwenye gari langu.

Nikabonyeza kitufe. Dashibodi ikawaka, mstari mwekundu wa Kijapani ukarudi, kengele ya adabu ikalia. Nikabonyeza tena. (Fundi wa mjini alinieleza baadaye kwamba gari la aina yangu likishakauka kabisa haliiamshi injini mpaka lione mafuta ya kutosha kwenye tangi, lina kipimo chake cha kutosha, na chupa moja kwake ni sawa na kutotia kitu.) Nilibonyeza mpaka hata taa zikaanza kufifia, na kila nikibonyeza najua wote watatu wananitazama mgongo.

Khalif hakupandisha sauti. Alikwenda akaipiga pikipiki yake teke moja, ikakohoa, ikakaa kimya. Akaketi kwenye kivuli chembamba cha gari karibu na madumu.

"Walaal, dada yangu," aliniambia, "ungeniacha nimpeleke."

Mama alivaa viatu vyake, akaingia mchangani, akaanza kutembea kuelekea Garasad.

Nilimwacha Habaryar garini, nikamkimbilia mama nikamwambia ni mbali, Hooyo, rudi kivulini, Bishar atakuja. Alitembea. Nilimshika mkono, akauacha mkono wangu ukae pale lakini hakusimama. Ana miaka yake, goti moja limevimba tangu nizae mtoto wangu wa pili, na mchanga wa laga unakuvuta hatua mbili kila unapoweka moja. Nikavua jalbaab, vazi langu pana la juu, nikawa nalishika hewani juu ya kichwa chake kama hema, natembea ubavuni kwake hivyo hivyo mikono juu, na nilikuwa nikizungumza, naomba, naeleza habari za betri, ya kwamba ilijaa nusu, ya kwamba stima ilikatika usiku. Mambo ya kijinga kabisa. Yeye alikuwa akisema kitu chinichini, nikadhani ni dhikri, nikainamisha kichwa kusikia. Alikuwa akisema naja, Gedi. Naja.

Jua likapita utosini na sisi tunatembea. Tulipumzika chini ya mti mmoja wa miiba usiokuwa na majani, tukaendelea. Halafu vumbi likaonekana mbele, na katika vumbi ile pikapu. Bishar alisimama mbali kidogo, akashuka, na kabla hajafika nilimwona nguo. Kanzu yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko na magotini.

Mama naye aliuona ule udongo.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, Hooyo," akasema Bishar.

Mama akaketi chini, hapo hapo njiani juani, akaweka mikono yake miwili mchangani pande zote mbili kama mtu anayetaka kulikamata jambo lisisogee. Hakulia kwa sauti. Sisi watoto wake wawili tulisimama, hakuna aliyejua kumwinua. Bishar alinivuta kando, nikajua sasa atanipiga au atanitukana na nilitamani afanye kimoja. Alisema walingoja sana. Walichelewesha sala, shehe akasema joto halimsubiri maiti, wakangoja tena. Alitaka kuja kututafuta, na gari alikuwa nalo, lakini walikuwa wameshamwinua Abti begani.

"Nilisema nikiondoka, atazikwa bila hata mtoto mmoja wa dada yake," aliniambia. "Nikachagua."

Tukampakia mama kwenye pikapu, kwenye kile kiti nilichomkatalia asubuhi, akapelekwa, nami nikarudi lagani kwa miguu. Baadaye Bishar akaja lagani na kamba na chupa kadhaa za petroli za kijijini. Ya kwanza tulimpa Khalif. Maziwa yake yalikuwa yameshaanza kupanda mapovu. Alifunga madumu yake yote pamoja na hayo yaliyoharibika, akatuombea marehemu rehema, akaenda, na alipoondoka hakunitazama, si kwa chuki, nadhani alinionea haya.

Zilizobaki tulizimimina kwenye gari, nalo halikukubali, na jua lilikuwa linateremka, kwa hiyo likafungwa kamba kwenye pikapu, Habaryar akahamia kwa Bishar, nami nikakaa kwenye usukani. Gari lile likiwa halina uhai usukani wake ni kama wa jiwe, na breki ni vilevile. Hivyo ndivyo nilivyoingia Garasad. Nilivutwa kwa kamba, madirisha wazi, vumbi la pikapu likinijaa mdomoni, mchele wa matanga umepasuka gunia na kumwagika kwenye viti, nikapitishwa mbele ya wanaume wote waliokuwa wamekaa kwenye majamvi wakisoma Kurani, binamu, wakwe, walewale wa siku ya Idd na walewale wa foleni ya kituoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Hakuna aliyecheka. Wakaacha kusoma, wakasimama, mmoja baada ya mwingine, wakaja kulisukuma gari langu mpaka kivulini, kwa heshima, kama wanavyosaidia mtu aliyefiwa, na hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu stima wala pampu. Nawaambieni, ningelipia kicheko siku ile.

Ndani kwa wanawake nilimkuta mama amekaa karibu na mke wa Abti. Yule mjane hakuwa mtu wa kumchoma mwenzake. Alikuwa akimfariji tu, alitaka mama ajue kwamba hakudharauliwa, ndiyo maana akasema walimwacha Abti uso wazi kwa ajili yake mpaka walipoambiwa basi. Mama akatikisa kichwa, akasema Mungu awalipe. Nilikuwa mlangoni na sinia la maji, nikarudi nalo nje.

Tulikaa siku za msiba zikaisha, tukarudi. Mama hajanilaumu hata mara moja, wala kwa mafumbo, na Bishar aliacha kuliita gari langu ile simu. Analiita gari. Mimi nimetafuta habari za Khalif kwa wanawake wanaouza maziwa sokoni, wanamjua, nikapeleka salamu na kilicho chake, salamu zikarudi kwamba amesamehe. Ni jibu zuri na halikunisaidia.

Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza kama mnunue, nitawajibu bila kona. Kwa mjini ni gari zuri. Hesabuni nusu ya kilichoandikwa kwenye karatasi, na kama gari ni kuukuu na joto limekaza, hesabuni pungufu ya nusu. Tokeni za stima ni gharama ya gari, msijidanganye kuziita za nyumba. Betri ikiisha mnavuta jiwe, na injini hunywa zaidi ya gari la kawaida la ukubwa ule. Tangi lijazwe, siku zote, hata kama mtachekwa. Na ile namba kubwa kwenye dashibodi haijui mnakokwenda, inajua mlikotoka tu. Mimi nimeapa kwamba safari ya mtu mwingine sitaibeba tena kwa neno nililolisema ili nionekane, na hiyo si ya magari peke yake.

Juzi alikuja mgeni nyumbani, mmoja wa wale wanaume waliomwosha Abti. Nilimletea chai. Mama alimuuliza habari za mvua, za mifugo, za watoto wake, kisha akamuuliza anavyowauliza wote wanaotoka kule, kwamba uso wa Gedi ulikuwaje. Yule mtu akaweka kikombe chini, akafikiri, akaanza kumweleza, paji la uso, macho jinsi yalivyofumbwa, ndevu walivyozichana, na mama akafumba macho yake akawa anasikiliza, na kila mgeni alipofika mwisho, mama alimwomba arudie tena kutoka kwenye paji.